Pepo Mbili na Banda la Kuku

Wahenga walinena: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kumsema mtu aliyefika karibuni, ambaye hajazijua bado desturi za mji na alama ya ugeni wake ingali ikionekana. Lakini methali ikirudishwa kwa kuku mwenyewe hudhihirisha jambo jengine. Kuku wa visiwa na mwambao wa Afrika Mashariki ni mgeni kwa asili yake. Alikuja kwa njia ya bahari kutoka mashariki ya mbali, akafungwa kamba, akafunguliwa, akazaliana, hata akawa mwenyeji asiyeulizwa kwao wapi. Namna alivyopewa mahali pa kulala, na namna mahali hapo palivyobadilika hata pakaanza kumuua kwa joto, ni sehemu ya mapisi ya nyumba za Waswahili, ingawa ni nadra kuandikwa.

Mababu wa kuku ni ndege wa mwituni wa kusini-mashariki ya Asia, mwekundu wa manyoya na mwepesi wa mwili, akaaye pembezoni mwa misitu na katika vichaka vya mianzi. Huchakura asubuhi na jioni. Jua likipanda hujificha kivulini, na usiku ukiingia hupanda mtini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 uliyapima upya mabaki ya kuku kutoka nchi nyingi, nao ukaonyesha kuwa mifupa ya kale zaidi inayoweza kuaminika kuwa ya kuku wa kufugwa ni ile ya Ban Non Wat, nchini Thailand, ya baina ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Watafiti hao waliuhusisha ufugaji na kilimo cha mpunga na mtama: nafaka zilizomwagika shambani ndizo zilizomtoa ndege porini na kumsogeza karibu na watu. Basi kuku na wali ni masahaba wa tangu na tangu.

Masahaba hao walifika mwambao huu katika zama zinazokaribiana. Machimbo ya Unguja Ukuu na ya miji mingine ya kale ya pwani yametoa mifupa ya kuku, na wataalamu waliyoichunguza kwa njia za kisasa wanaliweka jambo la kuenea kwake katika karne za mwisho za milenia ya kwanza, kuanzia karne ya saba na ya nane. Hizo ndizo zama ambazo mazao ya Asia, mpunga ukiwa mmoja wao, yanaonekana katika majivu ya meko ya kale. Alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, msafiri Ibn Battuta alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, ukiandamana na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Mwenye kuisoma habari hiyo leo hahitaji kufasiriwa, kwa kuwa sinia lile angalilijua hata gizani.

Lugha nayo ni shahidi. Kiswahili kina jina la karibu kila hatua ya maisha ya ndege huyu. Kuna kifaranga, kuna pora ambaye bado hajawa jogoo, kuna mtetea anayekaribia kutaga, kuna koo anayeangua, na kuna jimbi ambaye sauti yake iliugawa usiku kabla ya saa kufika majumbani. Mtu aliposema ameondoka jogoo la kwanza alieleweka. Utajiri huo wa maneno hauzaliwi na kitu kinachotazamwa kwa mbali. Na maneno ya makazi ya kuku ni mengi pia: tundu, tenga, kizimba, banda. Ukiyatazama yote manne utaona yana sifa moja. Tenga husukwa kwa nafasi baina ya ukindu na ukindu au baina ya fito na fito. Kizimba hufungwa kwa vijiti vinavyoachana. Tundu, kama jina lake linavyojieleza, ni kitu chenye uwazi. Katika makazi yote hayo ya kale, kinachomzuia kuku hakiuzuii upepo.

Wala kizimba hakikuwa makazi ya mchana. Mchana kuku alikuwa wa uwani, chini ya mwembe na mchungwa, au kivulini mwa upenu wa jiko. Hata katika majumba ya kifalme ndege walikuwa wakitembea. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, aliueleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 ua mpana wa jumba hilo ambamo tausi, mbuni, mabata, heroe na paa walizurura pamoja, na watoto wakashindana kuokota mayai na kumpelekea mpishi mkuu ili wapewe vitu vitamu. Katika nyumba za watu wa kawaida ua ulikuwa mdogo, lakini kanuni ilikuwa ile ile: ndege alijitafutia mwenyewe kivuli, maji na upepo. Usiku alilala juu ya mti, au jikoni, au katika kibanda kidogo cha fito kilichoezekwa makuti.

Hapana budi kuuliza kwa nini kivuli na upepo vina uzito mkubwa hivyo kwa kuku. Jibu limo katika umbile lake. Joto la mwili wake ni kiasi cha nyuzi 41, yaani limezidi la binadamu kwa nyuzi nne. Hana tezi za jasho. Amevikwa manyoya yanayoshika hewa kama blanketi. Joto linapozidi huwa na njia chache za kujinusuru: hukunjua mbawa zake ili upepo upite ubavuni, hupeleka damu kwenye upanga wa kichwani, ndevu na miguu isiyo na manyoya, hulala mchangani penye ubaridi, na mwisho hufungua mdomo akaanza kutweta. Kutweta huku huanza kuonekana hewa inapokaribia nyuzi 30. Ikipita 35, na upepo usiwepo, ndege mzito huwa yu hatarini.

Kutweta nako kuna gharama yake. Kila pumzi ya haraka hutoa nje hewa ya kaboni kuliko inavyotakiwa, damu ikabadilika, na kuku akapungukiwa na kile anachokihitaji kulijenga gamba la yai. Gamba hilo karibu lote ni chokaa, jamii moja na chokaa iliyopakwa katika kuta za Mji Mkongwe. Ndiyo maana katika miezi ya fukuto mayai huwa membamba wa gamba na hupasuka mkononi, hata kama kuku amelishwa vyema. Aliyezoea kuokota mayai hulijua jambo hilo bila ya kuambiwa na mtaalamu, ingawa sababu yake imo ndani ya pumzi, mahali ambapo jicho halifiki.

Sasa na itazamwe kalenda ya visiwa. Unguja iko nyuzi sita kusini ya Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba. Pepo nazo ni mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kiasi cha Disemba hadi Machi, na kusi hushika zamu yake baada ya hapo hadi Oktoba hivi. Manahodha walizisoma pepo hizo ili wajue lini watweke tanga kuelekea Oman, Ghuba na Bara Hindi, na lini wakae bandarini. Baina yao huwepo maleleji, siku ambazo upepo wa kwanza umechoka na wa pili haujaamka. Jua la utosini la mwezi wa Machi huangukia katika siku zizo hizo. Hapo ndipo pana mtihani wa kila nyumba ya kisiwani, ya mtu na ya mnyama: joto limefika kileleni, hewa imelowa unyevu, na bahari imelala kama mafuta.

Mjenzi wa zamani alikuwa na jibu lake. Banda lililonyooshwa kutoka mashariki kwenda magharibi huyapa mawio na machweo ncha zake fupi, na kwa hiyo jua la asubuhi na la alasiri haliingii ubavuni. Mbavu zake ndefu huelekea kaskazini na kusini, na pepo zote mbili, kila moja kwa zamu yake, huingia upande mmoja na kutokea wa pili. Uelekeo mmoja huzuia jua na hukaribisha kaskazi na kusi pamoja. Hii ni bahati waliyopewa watu wa mwambao huu, ambayo wafugaji wa nchi nyingi hawana. Ama jua la utosini, hilo halizuiwi na ukuta bali na paa, na paa la makuti lina hekima yake. Makuti ya viungo hupangwa tabaka juu ya tabaka, na baina ya majani hukaa hewa isiyopitisha joto kwa haraka. Hewa ya moto iliyomo ndani hupanda na kujipenyeza nje taratibu, nayo hewa nyengine huvutwa kutoka chini. Banda la namna hiyo hupumua.

Watu wa nchi za baridi walikuwa na haja nyengine, na vitabu vyao vilifuata haja hiyo. Columella, mwandishi wa kilimo wa Roma wa karne ya kwanza, aliagiza nyumba ya kuku ielekee mahali jua linapochomoza wakati wa baridi, tena iwe karibu na tanuri au jiko ili moshi uwafikie ndege. Juu ya moshi Columella na bibi wa Kiswahili aliyewalaza kuku jikoni wangalipatana, maana moshi huwafukuza utitiri na chawa. Juu ya jua wasingalipatana kabisa. Banda la kaskazini ya dunia liliundwa lihifadhi joto: ukuta mzima, mlango mdogo, dirisha moja. Umbo hilo lilipochukuliwa na kuletwa nchi za joto katika vielelezo vya ufugaji wa kisasa, lilikuja na kamba yake mguuni, na mara nyingi hapakutokea mtu wa kuifungua.

Pamoja na umbo hilo likaja bati. Mabati ya mawimbi yalipewa hataza mjini London mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, na katika karne hiyo yakaenea duniani kwa meli. Huku visiwani yaliyafunika hata mapaa bapa ya chokaa ya nyumba za Mji Mkongwe, yaliyokuwa yakivuja wakati wa masika. Si haki kulilaumu bati. Makuti huoza, hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka michache, huwa maskani ya panya na nyoka, na cheche moja ya moto huweza kuteketeza mtaa. Bati hudumu, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake hukingwa pipani. Lakini bati tupu lisilo dari, likiwa chini na karibu na migongo ya kuku, huwa kikaango kilichopinduliwa. Mchana hulichukua joto la jua lote na kulimimina chini, na mfugaji akishika kwa kiganja upande wa ndani huuondoa mkono upesi.

Wakati paa likibadilika, ndege naye alikuwa akibadilishwa. Nchini Marekani yalifanywa mashindano ya kumtafuta kuku wa kesho, mwenye kifua kipana na nyama nyingi, na fainali ya taifa ikafanyika katika jimbo la Delaware mwaka 1948. Kuanzia hapo uzito wa kuku wa nyama ulipanda kwa kasi isiyo na mfano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwafuga pamoja kuku wa nasaba ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, wakawapa chakula cha namna moja, na matokeo wakayatangaza mwaka 2014. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Mwili unaokua kwa mwendo huo ni tanuri. Kuku mia wenye kilo mbili kila mmoja, wakiwa wamefungiwa chumbani, hutoa joto la zaidi ya wati 1,500, sawa na pasi ya umeme iliyosahauliwa ikiwaka mchana kutwa. Ndege wa msituni alikimbilia kivulini. Mjukuu wake huyu hana pa kukimbilia, na hata mlango ukiachwa wazi hana miguu ya kumfikisha mbali.

Ulimwengu wa viwanda ulimtafutia mjukuu huyu dawa yake: nyumba iliyozibwa pande zote, mafeni makubwa mwishoni mwake, na kuta za karatasi zilizoloweshwa maji ambazo hewa hupita ikapoa. Katika nchi kavu dawa hiyo hufaa sana, kwa sababu hewa kavu hunywa maji na kushusha joto. Katika kisiwa ambacho hewa yake imekwisha kushiba unyevu wa bahari, maji hayakauki upesi na ubaridi unaopatikana ni mdogo. Kuwanyunyizia kuku maji bila ya upepo ndani ya banda lililofungwa ni kuwaongezea fukuto.

Fauka ya hayo, feni huhitaji umeme. Waya wa chini ya bahari ulioiunganisha Unguja na Bara tangu mwaka 1980 ulileta hitilafu Mei 2008, na kisiwa kikakaa kiasi cha mwezi mzima gizani. Tarehe 10 Disemba 2009 giza lilirudi, na umeme haukupatikana tena hadi Machi 2010. Miezi hiyo mitatu ndiyo hasa miezi ya kaskazi, kuanzia mwanzo wake hadi jua la utosini. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, na shida ile ikapita. Hata hivyo majira yale yaliacha funzo kwa kila mwenye kujenga kisiwani. Nyumba iliyoundwa kupumua yenyewe iliendelea kupumua. Nyumba iliyoundwa kupumuliwa na mashine ikabaki sanduku.

Wanaoathirika kwa masanduku hayo si matajiri. Kuku, tangu zamani, ni mali ambayo mwanamke wa kijijini huweza kuimiliki bila ya kuomba shamba wala hati. Humo hutoka ada ya skuli, nauli ya hospitali, na kitoweo cha mgeni aliyefika bila ya taarifa. Anayekopa ili ajenge banda la kuku mia mbili wa kisasa, akaliezeka kwa bati la chini na kulizungushia ukuta kwa kuogopa wezi na vicheche, huweka amana yake yote ndani ya chumba kimoja. Alasiri moja ya maleleji yatosha kuimaliza. Na jambo hilo halisikiki sana, maana kuku hufa kimya kwa joto. Hatapiki, hapigi kelele. Hutweta, kisha huinamisha shingo.

Hata hivyo maarifa hayajapotea, yametawanyika tu. Mengine yamo katika miili ya ndege wenyewe. Kuku wa kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya na sura yake haiwapendezi wengi, ana upungufu wa manyoya wa kiasi cha asilimia 20 akiirithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja, na kiasi cha asilimia 40 akiirithi kwa wote wawili. Watafiti wa Edinburgh walikieleza chanzo chake cha kinasaba mwaka 2011. Kidimu, ambaye manyoya yake yamepinda kana kwamba ametoka kupigwa na dhoruba, huruhusu hewa kuifikia ngozi yake, na siri ya nasaba yake ilifichuliwa mwaka uliofuata. Wawili hao hustahimili joto kuliko ndugu zao waliovaa kikamilifu. Waliowaacha waendelee kuzaliana uwani kizazi baada ya kizazi, badala ya kuwamaliza kwa kuwaona vioja, waliihifadhi hazina.

Mengine yamo katika desturi ya ujenzi, nayo hukubali kuoana na vifaa vya leo. Banda la bati likiinuliwa juu, likapewa upenu wa mita moja, na mgongo wa paa ukaachiwa mwanya wa kutolea hewa ya moto, hupungua ukali wake. Makuti yakitandazwa juu ya bati, au bati likapakwa chokaa nyeupe, jua hukutana na kizuizi kabla halijaingia. Ukuta ukikomea magotini na sehemu iliyobaki ikawa wavu wa waya, mwizi na kicheche huzuiwa na upepo ukaruhusiwa. Banda likiwa jembamba, lisizidi mita 10 kwa upana, upepo hufika upande wa pili kabla haujachoka. Mti wa kivuli huoteshwa mapema, kwa mahali ambapo hautaziba njia ya kaskazi. Maji huwekwa mtungini au katika chombo kilichofunikwa jua, maana kuku wakati wa joto hunywa maradufu ya kawaida yake, na maji ya moto huyakataa. Chakula hutolewa alfajiri na jioni, kwa kuwa usagaji wa chakula nao huzalisha joto. Ndege hupunguzwa idadi kabla ya Februari, si baada ya msiba. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji waya wa chini ya bahari.

Alhasili, mapisi ya banda la kuku ni mapisi ya mgeni na mwenyeji wake. Mwenyeji wa zamani alimtazama mgeni, akajua anatoka kwenye kivuli cha mianzi, akampa kivuli cha mwembe na kizimba chenye nafasi. Mwenyeji wa baadaye aliletewa mgeni mzito zaidi pamoja na nyumba yake, na akaambiwa asiibadilishe. Dunia inazidi kupata joto, na visiwa vimo ndani ya dunia hiyo. Kila mwaka, mwanzoni mwa Machi, jua litasimama utosini, kaskazi italegea, na kusi itakuwa bado haijafika. Anayetaka kujenga banda ana muda wa kutoka nje kabla ya siku hizo, asimame kwenye kiwanja chake, na aangalie minazi inainamia wapi.